Vigae vya mchezo: dumu langu lina ukingo wa pinki, na mzee mmoja haioni kijani yangu

DadaSteshenari (Mwanga, Kigoma):

Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa dukani, umeme umerudi sasa hivi na sijui utakaa muda gani, kwa hiyo mnivumilie nikikimbia kidogo.

Nina steshenari hapa Mwanga. Fotokopi, kuchapa barua, picha za pasipoti saizi, mambo ya kawaida. Kwenye kompyuta ya pembeni, ile ya wateja, kuna mchezo aliouandika mdogo wangu kabla hajakwenda chuo Tabora. Ni Sokoban, mchezo wa Wajapani wa miaka ya themanini mwanzoni, jina lake maana yake mlinda ghala. Unasukuma masanduku mpaka kila moja likae kwenye alama yake. Kusukuma tu, kuvuta hakuna, na ukilibana sanduku kwenye kona isiyo na alama umejimaliza, anza upya. Wateja wanaosubiri nakala wanaupenda kiasi kwamba kuna mmoja aliondoka akasahau vyeti vyake hapa siku mbili.

Sasa dogo aliuacha na picha za kawaida: ukuta wa matofali, sanduku la mbao, kijamaa chenye kofia. Nikasema hapana, mchezo wa duka la Kigoma uonekane wa Kigoma. Mchezaji awe kuli wa Kibirizi, ufukweni mwa ziwa hapa kwetu. Sanduku liwe dumu la mawese. Sakafu iwe mchanga wa ufukweni, alama iwe turubai la bluu lililotandikwa, na ukuta uwe nakshi ya kitenge nilichovaa harusi ya dada. Najua kuna mtu atasema dumu la mawese ni la njano. Najua, ninalo hapa chini ya meza. Lakini njano juu ya mchanga haionekani, ndiyo maana nikalipaka jekundu kama mafuta yenyewe. Likikaa kwenye turubai linageuka kijani.

Picha zote zimo kwenye faili moja, vigae.bmp. Vigae, yaani vipande vya picha, ni sita kwa mstari: ukuta, mchanga, turubai, dumu, dumu lililofika, kuli. Kila kimoja pikseli (nukta za picha) 32 kwa 32, kwa hiyo faili zima ni 192 kwa 32. Mchezo unachora kwanza mchanga au turubai, halafu unaweka dumu au kuli juu yake. Dogo aliniachia maelezo.txt ya mistari mitatu. Wa kwanza ni mpangilio wa vigae. Wa pili unasema rangi ya 255,0,255 (namba za nyekundu, kijani na bluu, yaani ile pinki kali inayojazwa nyuma ya dumu na kuli) haichorwi. Wa tatu unasema "dada usiharibu".

Nimeharibu.

Dumu lina ukingo wa pinki pande zote, kama limepakwa rangi ya kucha ikamwagikia pembeni. Kuli naye hivyo hivyo. Halafu kuna vidoadoa vya pinki vimetapakaa mchangani kuzunguka dumu, kama mtu kakung'uta brashi.

Jingine, kupata dumu la kijani nililifungua faili kwenye GIMP, programu ya kuchora, nikazungusha rangi nyuzi 120 ili nyekundu ifike kijani. Dumu likawa kijani kweli, kali ya kuumiza macho, nikaitia giza kidogo ikatulia. Lakini nyuma ya dumu kote kukawa njano, kigae kizima. Nilirudia mara tatu nikidhani nimebonyeza vibaya. Mwisho nikakata dumu lenyewe kwa mkono nikalibandika.

La tatu si la kompyuta sana. Kuna mzee mstaafu anakuja karibu kila asubuhi, anaanza na gazeti anamaliza na mchezo. Tangu nibadilishe picha, anayasukuma madumu yaliyokwishafika, anayatoa kwenye turubai! Juzi nikamwambia, mzee, hilo limeshafika, angalia ni la kijani. Akanijibu, "Kijani lipi, binti yangu?" Nikadhani ananitania, nikacheka. Yeye hakucheka.

Naombeni msaada, hasa hilo la ukingo.

FundiPikseli (Isevya, Tabora):

Dada, kabla sijasema kitu. Kuza picha mpaka asilimia 800, chukua ile zana ya kunyonya rangi, gusa sehemu tatu: pinki iliyo mbali na dumu, pinki iliyogusana na dumu, na tumbo la dumu lenyewe. Leta namba. Halafu sema hilo faili lilipita wapi na wapi kabla ya kufika kwenye mchezo.

La njano halihitaji hata namba. Hiyo pinki ni majenta, na kwenye duara la rangi iko nyuzi 300. Umeongeza 120 zikawa 420, toa mzunguko mzima wa 360, unabaki na 60. Nyuzi 60 ni njano. Kompyuta ilikutii vizuri sana, ulizungusha kila kitu badala ya dumu peke yake.

Mtoto_wa_Gungu:

Kwani lazima uchore? Vigae vya bure vimejaa mtandaoni, pakua, bandika, endelea na biashara. Watu wanapenda kujitesa.

DadaSteshenari:

@Mtoto_wa_Gungu kitenge changu nacho kipo mtandaoni?

@FundiPikseli namba hizi hapa. Mbali na dumu, mahali pamoja 252,4,249, pengine 255,1,253. Nilidhani yote ni moja, kwa macho ni ileile kabisa. Iliyogusana na dumu: 228,20,143. Tumbo la dumu: 199,41,31, ingawa mimi nilipaka 200,40,30, nimeiandika kwenye daftari.

Safari yake: nilichora nyumbani kwenye laptopu, flashi yangu imeliwa na virusi, nikajitumia kwa simu kama picha, nikaifungua hapa dukani, nikaihifadhi kuwa BMP. Dumu nililikata kwa mtindo wangu wa picha za pasipoti: nachagua umbo, nafifisha ukingo pikseli mbili, ndipo naweka rangi ya nyuma. Usipofanya hivyo nywele za mteja zinaonekana zimekatwa kwa mkasi na anakataa kulipa.

FundiPikseli:

Basi una magonjwa mawili, na yote umeyapata kwa kutaka kazi iwe nzuri.

Ugonjwa wa kwanza ni ile safari ya simu. Ukituma picha kama picha, inageuzwa JPEG ili iwe nyepesi. JPEG haitunzi pikseli moja moja. Inaikata picha vipande vya 8 kwa 8, kigae chako kimoja ni vipande 16, halafu kila kipande inakikadiria. Mwanga inaukadiria kwa uangalifu, rangi inaikadiria ovyo zaidi kwa sababu jicho la binadamu halilalamiki. Picha ya harusi huoni kitu. Lakini mchezo wa dogo wako kwa kila pikseli unauliza swali moja tu: wewe ni 255,0,255? Pikseli inajibu, mimi ni 252,4,249. Haya, chorwa. Hivyo ndivyo vidoadoa vyako. Na kuigeuza BMP baada ya hapo hakurudishi kitu, ni sawa na kuwaanika dagaa waliokwisha kuoza: watakauka, ndiyo, lakini wameoza. Siku nyingine itume kama dokumenti, itafika ilivyo.

Wa pili ni mkono wako wa pasipoti. Chukua nyekundu ya dumu, 200,40,30. Ichanganye nusu kwa nusu na 255,0,255. Piga hesabu: 228, 20, 143. Ndiyo namba uliyoleta, hata haikukosea. Kufifisha ukingo maana yake ni kuchanganya rangi ya kitu na rangi iliyo nyuma yake. Kwenye pasipoti nyuma ni bluu na itabaki bluu mpaka picha inafika kwa afisa, kwa hiyo mchanganyiko unakaa vizuri. Hapa nyuma inaondolewa, mchanganyiko unabaki umesimama peke yake. Kuna michezo inayosoma PNG yenye uwazi wa nusunusu, huko ungefifisha upendavyo. Huu wa kwenu pikseli iko ndani au iko nje, katikati hakuna.

Usianze upya. Rudi kwenye faili la nyumbani ambalo halijapanda simu. Kama ulihifadhi XCF, faili la GIMP lenyewe, mshukuru Mungu. Tumia zana ya kuchagua kwa rangi, zima kulainisha kingo, zima kufifisha, kizingiti (tofauti ya rangi inayovumiliwa) weka 15, gusa pinki. Itakusanya majenta na ndugu zake wa karibu. Jaza zote na 255,0,255 safi. Kisha shika penseli, nasema penseli, brashi usiiguse kwa sababu brashi inalainisha hata usipoiambia. Ukubwa pikseli 1. Zunguka dumu, na kila pikseli iliyochanganyika iamulie: wewe ni dumu au wewe ni nje. Dumu la kigae cha 32 lina pikseli za ukingoni zisizofika mia. Chai moja na vitumbua viwili, umemaliza.

Sasa kubadili rangi. Mtu akikuambia zungusha rangi, mkatalie. Dumu lako nadhani lina nyekundu tatu: ya kivuli, ya tumbo, na ya mng'ao pale jua linapopiga. Au una zaidi?

DadaSteshenari:

Nimehesabu, eti nyekundu 61. Kwenye dumu moja! Nilitumia brashi.

FundiPikseli:

61 zinatosha kuchora Mwami na wake zake wote. Zipunguze zibaki tatu. Kwenye GIMP nenda menyu ya Image, Mode, Indexed, mwambie rangi 4 kwa kigae cha dumu, nyekundu tatu na ile pinki, na ile sehemu ya kuchanganya nukta izime. Kuanzia hapo picha haina rangi tena, ina namba za paleti, yaani orodha ya rangi. Pikseli inasema "mimi ni namba 2", na paleti inasema namba 2 ni 200,40,30. Ukibadili namba 2 mara moja, tumbo lote la dumu linabadilika, na hakuna kilichofifia njiani. Badili tatu: kivuli, tumbo, mng'ao. Dakika moja.

Ukiwa mtu wa kuandika amri, ImageMagick inafanya hivyo bila kufungua dirisha, rangi moja kwa amri moja:

magick dumu.png -fill "#288232" -opaque "#C8281E" dumu_fika.png

Hiyo inageuza kila pikseli ya 200,40,30 kuwa 40,130,50 na haigusi nyingine. Ila haitafanya kazi kwenye faili lako la JPEG kwa sababu 199,41,31 kwake ni mtu mwingine kabisa.

Onyo: fanya dumu kwenye faili lake peke yake, halafu ndipo ulibandike kwenye mstari wa vigae. Ukibadili paleti ya faili zima, kila mwenye nyekundu ile naye anageuka.

MamaMshono (Ujiji):

Wanangu hamjambo. Mimi mtandao naingia kutafuta mishono tu, lakini nimeona neno kitenge nikashindwa kupita.

Huyo binti anasema ukuta wake wa kitenge. Ulikata kipande popote ukakibandika? Maana ukifanya hivyo ukuta wako utaonekana kama gauni la mwanafunzi wa cherehani, ua nusu huku, jani nusu kule, na mstari kila mahali. Sisi tukikata gauni, ua likikatika kwenye mshono wa ubavuni, upande wa pili lazima lianzie palepale lilipoishia. Kitenge chote hata kiwe yadi sita kimechapwa kwa kurudiarudia. Weka kidole kwenye ncha ya ua, twende kulia mpaka ukutane na ncha ileile ya ua lilelile. Shuka chini hivyo hivyo. Hicho kiboksi ulichozungusha ndicho kitenge chako chote, kilichobaki ni kurudia. Kata hicho tu.

Ni kitenge gani lakini, kile chenye ndege au cha maua makubwa?

DadaSteshenari:

Shikamoo mama. Ni cha maua makubwa, kijani ya majani na nyekundu ya damu ya mzee juu ya krimu. Na ndiyo, nilikata popote. Nilikipiga picha kikiwa kwenye kamba, nikaipunguza mpaka 32 kwa 32. Ukuta wangu ni uji.

MamaMshono:

Marahaba. Ukikipiga kwenye kamba kimejikunja. Kipige pasi kwanza.

FundiPikseli:

Mama amemaliza, mimi naongeza tu kwa lugha ya mashine. Ukishapata kipande kinachojirudia, kisogeze nusu: kwenye GIMP kuna Offset ndani ya Layer, Transform. Weka 16 kwa 16 na umwambie azungushe. Kingo nne zote zinahamia katikati na kufanya msalaba. Msalaba ukionekana, mshono wako haujakaa, ushone kwa penseli hapohapo. Ukipotea, ukuta hauna mshono.

Ila dada, picha ya kitenge kuipunguza mpaka 32 haitoki. Ua la sentimita ishirini ukilifinya kwenye pikseli 32, petali inapata pikseli chache tu. Weka picha ya kitenge pembeni, chora ua jipya kwa rangi nne: krimu, nyekundu, kijani, na nyeusi ya mpaka. Macho ya wateja yatakimalizia wenyewe.

DadaSteshenari:

Nimefanya mpaka saa tano usiku. Kitenge kimekaa! Niliweka vigae vya ukuta tisa pamoja nikatafuta mshono, nikauona mmoja tu, jani lililokosa pikseli moja. Mama ningekuwa karibu ningekuletea migebuka.

Ukingo wa pinki umeondoka wote. Lakini mchezo sasa unafunguka ukiwa mweusi tititi. Kuli hayupo, dumu halipo. Nimempigia dogo, ana mitihani, kanijibu kwa kunong'ona: "Dada, unasoma BMP ya biti 24 tu, wewe umempa ya paleti." Basi. Nikarudisha Mode kuwa RGB, nikatoa BMP ya biti 24, faili likapanda likawa kama kilobaiti 18 na ushee. Nikakagua hesabu kwa jeuri yangu: 192 mara 32 mara baiti 3 (ndizo biti 24) za kila pikseli ni 18,432, na kinachozidi ni kichwa cha faili. Ikafunguka.

Kisha lile onyo la Fundi nililisoma nikalipuuza, kitenge kikageuka. Maua yote ya ukutani yakawa kijani pamoja na dumu. Nimerudia, safari hii dumu peke yake.

Kwa wanaotaka kujaribu vigae vyao, ramani yangu ya majaribio ni hii. Maandishi ya Sokoban yanajulikana: # ni ukuta, @ mchezaji, $ dumu, nukta ni turubai, nafasi tupu ni mchanga, na * ni dumu lililokwishafika. Ndogo, lakini vigae vyote sita unaviona kwa mpigo.

########
#@ $ . #
#  *   #
########

Limebaki la mzee. Leo tena kalitoa dumu lililofika.

Mwalimu_Kasulu:

Mimi nimesoma la mzee mara mbili, na nashangaa mmekaa kwenye pinki siku tatu.

Dada, mzee hakutanii. Kuna uwezekano mkubwa hatofautishi nyekundu na kijani. Ni jambo la kuzaliwa nalo, na kinasaba chake kimo kwenye kromosomu X. Mwanamke ana X mbili, moja ikiwa na kasoro nyingine inamsaidia. Mwanamume ana moja tu. Kwa watu wenye asili ya Ulaya Kaskazini ni kama mwanamume 1 kati ya 12, na mwanamke 1 kati ya 200, na wapo kila mahali duniani. Darasani huwa ninaye mmoja wawili, wengi hawajijui, wanajua tu kwamba kwenye kuchora ramani wanachekwa.

Sasa tuipime kazi yako. Mwanga wa rangi unaweza kuukadiria hivi: chukua nyekundu mara 0.299, kijani mara 0.587, bluu mara 0.114, jumlisha. Ona kijani ilivyobeba mzigo mkubwa.

Dumu lako jekundu, 200,40,30, linatoa 87.
Dumu lako la kijani, 40,130,50, linatoa 94.

Umeona? Kwa mtu ambaye nyekundu na kijani kwake ni ndugu, hayo madumu mawili ni dumu moja. Na cha kuchekesha ni kwamba ile kijani yako ya mwanzo, ile kali uliyoikimbia, kama ilikuwa 30,200,40 ingetoa 131. Mzee angeweza kuiona. Ulipoitia giza ili itulie ndipo ulipomfungia mlango.

Kipimo cha haraka: ondoa rangi zote, fanya picha ya mchezo iwe ya kijivu. Kama wewe mwenyewe huwezi kusema dumu lipi limefika, huenda yeye pia hawezi. Kipimo hiki ni kikali kupita haja, maana yeye haoni kila kitu kuwa kijivu, bluu na njano huwa anaziona vizuri tu. Na hapo ndipo pa kutokea. Turubai lako ni rangi gani kwa namba?

DadaSteshenari:

Turubai 30,60,120. Mchanga 215,190,140.

Mwalimu_Kasulu:

Turubai 58, mchanga 192. Vizuri sana, hujui tu ulivyobahatika. Dumu jekundu la 87 juu ya mchanga wa 192 linaonekana kwa yeyote. Basi likifika kwenye turubai ligeuze njano. 250,210,60 inatoa 205, juu ya bluu ya 58. Hata aliyevaa miwani ya jua ataliona. Uliikataa njano kwa sababu ya mchanga, na hukukosea, lakini dumu lililofika haliko mchangani tena.

Na usiitegemee rangi peke yake. Dumu lililofika libadilishe kidogo na umbo: lifunge kamba, au liwekee mfuniko mweupe, pikseli nne zinatosha.

FundiPikseli:

Yaani dumu la njano limerudi kuwa la njano. Tumezunguka Ziwa Tanganyika lote kurudi Kibirizi.

@Dada, kivuli na mng'ao vya njano usivipate kwa kuongeza nyeusi na nyeupe, njano ikitiwa nyeusi inakuwa kama tope la masika. Kivuli kipeleke kidogo upande wa machungwa, jaribu 200,140,30. Mng'ao 255,240,170.

DadaSteshenari:

Nimerudi na habari.

Jana jioni nilibadili namba tatu za paleti kama mlivyosema, na juu ya dumu nikaweka mfuniko mweupe wa pikseli nne kwa mbili. Nikaifanya picha iwe kijivu kabla ya kufunga duka. Madumu yaliyofika yanang'aa kama karabai za wavuvi usiku. Ile ya zamani nikaifanya kijivu pia, kwa udadisi tu, nikakaa naiangalia. Kweli ni dumu moja. Na mimi nilimcheka.

Leo asubuhi mzee kaja, kaweka gazeti pembeni, sikumwambia kitu. Kasukuma la kwanza likaingia kwenye turubai. Kasimamisha mkono. Akasema, "Ahaa. Hili limekaa." Akaenda kwenye la pili. Hakulirudia la kwanza hata mara moja.

Nikaona nimuombe radhi kwa siku ile. Ndipo akanisimulia. Anasema ujana wake alikwenda kuomba kazi reli, shabaha yake ilikuwa kuendesha treni. Wakamkalisha mbele ya kitabu chenye kurasa za nukta nukta, wenzake wanasoma namba, yeye anaona dengu zimemwagwa mezani. Wakamwambia asiyejua taa nyekundu na ya kijani hapewi treni, wakampeleka ofisi ya vifurushi, akastaafu hukohuko. "Vifurushi nimevipanga miaka thelathini," anasema, "ndiyo maana huu mchezo wako naujua."

Mwalimu_Kasulu:

Kitabu hicho ni cha daktari Mjapani, Ishihara, cha mwaka 1917, na mpaka leo kinatumika. Mchezo wa Kijapani na kitabu cha Kijapani, mzee kakutana nao wote.

DadaSteshenari:

Nitamwambia, atafurahi. Kwa sasa amenipa malalamiko mapya. Anasema kuli wangu si kuli. Dumu la mawese la lita ishirini halisukumwi mchangani, linabebwa begani, na kuli wa Kibirizi huweka kitambaa kilichokunjwa chini yake lisimchune. Nimemweleza kwamba kwenye mchezo huu kubeba hakuna, ni kusukuma tu. Kanijibu, "Basi angalau mwekee kitambaa."

Mwenye kujua kuchora kitambaa begani kwa pikseli sita, nipo mpaka saa mbili, umeme ukiwepo.